Mlioniuliza kuhusu farasi na baga za huku, jibu hili hapa

Haya jamani, naona ile video ya bucha lenye kichwa cha farasi mlangoni imezunguka kwenye magrupu yote ya familia na maswali yote yameishia kwangu kwa sababu ndo niko Ubelgiji. Shangazi kauliza kama ni kweli wazungu wanakula farasi, mdogo wangu anataka kujua kama na baga za huku zimechanganywa farasi, na yule binamu wa Muheza yeye kauliza tu mbona siposti nikila baga wakati niko Ulaya. Najibu yote hapahapa, sina muda wa kurekodi voisi ya kila mtu.

Kweli wanakula. Sio wote na sio kila siku, na vijana wengi wa huku ukiwatajia farasi wanakunja sura kama nyie tu, ila hakuna kificho. Mji wa Vilvoorde hapo kaskazini mwa Brussels wenyeji wake wanataniwa walaji farasi na jina wanalipokea kwa raha zao, Lokeren wana soseji za farasi ambazo ndo sifa ya mji, halafu supamaketi za kawaida unakuta vipakti vya nyama ya farasi ya moshi imekatwa nyembamba hadi mwanga unapita, watu wanaweka juu ya mkate wenye siagi asubuhi wanaenda kazini. Ikiwa mbichi ni nyekundu iliyokolea, inakaribia rangi ya maini, haina mafuta mengi. Jirani yangu ni bibi wa Kiflemi (Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi), miaka themanini na ushee, yeye anasema enzi zao mtoto akionekana amepauka, damu hana, anapikiwa kwanza nyama ya farasi, mambo ya daktari baadae. Na ilikuwa nyama ya walalahoi kabisa! Wabelgiji walikuwa na yale mafarasi makubwa ya Brabant ya kulimia na kuvuta mizigo, likizeeka likashindwa kazi linapelekwa kuchinjwa, nyama yake rahisi kuliko ng'ombe, basi familia ya watoto wengi inashiba. Ufaransa hivyohivyo, waliruhusu bucha za farasi 1866, na Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia 1870 hata waliokuwa wanajifanya hawali wakala. Siku hizi hayo mabucha yanafungwa moja moja, wazee wanakufa na walaji wanaisha, na nyama nyingi inayouzwa hapa inatoka mbali huko Argentina na Uruguay.

Sisi farasi kumuona ni mara chache, labda polisi au kwenye muvi. Mbung'o na maradhi ya farasi yalizuia wasizagae kwetu, ndo maana tunamuona mnyama wa heshima wa kupandwa na masultani. Lakini mchukieni kwa haki basi. Mtu wa Bukoba anatumiwa senene kwenye kopo mpaka Ulaya na anamnyima hata mke wake, mtu wa Tanga akiona vile vimiguu anatoka nje. Na sisi wenyewe tunavyosimama jioni na bakuli la supu ya pweza, mgogo wa Dodoma aliyekuja mara ya kwanza anatuangalia anaona tumelogwa.

Sasa kwa upande wa dini maana najua shangazi ndo anakolenga. Shangazi, hadithi ya Jabir ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba siku ya vita vya Khaybar Mtume (s.a.w.) alikataza nyama ya punda wa kufugwa akaruhusu ya farasi, na sisi watu wa pwani ni Shafi, kwa Shafi farasi ni halali. Wa madhehebu ya Hanafi ndo wanasema makuruhu, yaani bora kuiacha. Kwa hiyo tatizo langu mimi huku halijawahi kuwa farasi, tatizo ni kachinja nani. Huku Flanders, upande wa Waflemi, tangu Januari 2019 ni marufuku kuchinja mnyama bila kumpoteza fahamu kwanza, kesi ikaenda mpaka mahakama za Ulaya na serikali ikashinda, kwa hiyo hata hao ng'ombe na kondoo ukienda bucha la Mmoroko inabidi umuulize vizuri mzigo umetoka wapi. Farasi wa supamaketi hakuna hata wa kumuuliza.

Na ndio, nimeonja, msije mkasikia kwa watu. Kazini kwetu yupo Mkazakhi, mtu wa Kazakhstan, kwao farasi ni nyama ya mgeni mwenye hadhi, alirudi likizo na kitu kinaitwa kazy, ni utumbo wa farasi umejazwa nyama ya mbavu na mafuta yake pamoja na kitunguu saumu na chumvi, unachemshwa muda mrefu halafu unakatwa vipande vya mviringo. Akaapa imechinjwa na Muislamu kwao. Imepitaje uwanja wa ndege sikuuliza. Mafuta yana rangi ya njano, nyama ina ladha ya utamu fulani hivi ambao ng'ombe hana, na ile harufu ya saumu... nzuri bwana, ila vipande viwili vimeshakushibisha.

Tuje kwenye baga. Hiyo stori mliyosikia ni ya 2013 na ni ya kweli, ilianzia Ireland. Mamlaka yao ya usalama wa chakula ilipima baga za kugandishwa za kwenye supamaketi, zimeandikwa ng'ombe, wakachukua 27, kumi zikakutwa na vinasaba vya farasi na moja iliyokuwa inauzwa supamaketi za Tesco farasi alikuwa asilimia 29 ya nyama. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya lasanya (chakula cha tambi pana na nyama) za kampuni ya Findus, nyingine zilikuwa farasi mtupu. Nyama ilitoka machinjioni Romania ikiwa inajulikana ni farasi, ikafika Ufaransa ikageuka ng'ombe kwenye makaratasi, ikapikwa Luxembourg, ikaliwa Uingereza, yaani hiyo nyama imezunguka Ulaya kuliko mimi. Sababu ni hela tu, farasi alikuwa rahisi. Waingereza wakachanganyikiwa maana kwao farasi ni wa kupewa jina na kupigwa picha, magazeti wiki nzima farasi farasi. Mimi niliposoma ile ripoti ya Ireland jicho langu likaenda kwingine, kwenye hizohizo baga 27, zilizokutwa na vinasaba vya nguruwe ni 23! Ishirini na tatu! Kelele zote zikaenda kwa farasi. Sasa hapo niambie mtoto wa Tanga alitakiwa ashtuke na kipi.

Wabelgiji nao walikasirika ila kwa namna yao. Bibi jirani alisema akitaka farasi anajua pa kumnunua, asiuziwe kwa jina la ng'ombe. Na kuna suala la dawa, farasi wa mashindano anapigwa sindano za maumivu ambazo haziruhusiwi kuingia kwenye chakula cha binadamu, ndo maana Ulaya kila farasi lazima awe na paspoti yake na akishapewa dawa hizo inaandikwa humo kwamba huyu haliwi tena. Ndio, farasi ana paspoti ya Ulaya, mimi nilisota miaka kuipata. Huko kwetu si mnajua stori za bucha kuuza punda kwa jina la ng'ombe? Ndo mambo yaleyale.

Binamu wa Muheza, wewe umeniuliza siposti baga. Ntakwambia ukweli ambao wengi huku hawasemi. Huko mtu akienda kula KFC anavaa, anapiga picha na kikombe, anaandika lokesheni. McDonald's Tanzania hata haipo, kwa hiyo inabaki ndoto ya kwenye muvi. Huku baga ni chakula cha mtu aliyekosa muda. Natoka shifti ya usiku ghalani saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi na baridi, naona taa za njano za McDonald's barabarani naingia, nakula ndani ya gari la mwenzangu, letusi inaanguka kwenye ovaroli, mkate umeloa sosi, na mimi nilichukua ya samaki kwa sababu hiyo nyama sijui imechinjwaje. Hapo niposti nini? Mzungu mwenye nafasi akitaka kukukirimu hakupeleki huko, anakupikia kwake au anakupeleka mgahawani ukae masaa matatu. Huyohuyo ndo anaweza kukuwekea steki ya farasi kwenye sahani nzuri na divai pembeni. Kwa hiyo kile mnachonionea huruma ndo chakula cha kukirimiana, na kile mnachonionea wivu ndo nakula nikiwa nimechoka. Na msidhani chipsi za hizo KFC zina maajabu, Wakenya wanakumbuka Januari 2022 KFC iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilikuwa vya kuagiza nje, na kaunti yao ya Nyandarua wana viazi mpaka vinaoza shambani.

La mwisho ni kwa mtoto wa shangazi anayekuja kusoma Septemba. Mdogo wangu, ukifika soma pakti. Ukiona "paard" au "cheval" ni farasi, amua mwenyewe. Kwenye vibanda vya chipsi kuna kitu kirefu cha kahawia kinaitwa frikandel, kila mwanafunzi anakila kwa sababu ni rahisi, humo kuna mchanganyiko, mara nyingi kuku na nguruwe na wakati mwingine farasi, we pita. Nguruwe ni "varken" kwa Kiflemi na "porc" kwa Kifaransa, haya mawili yakariri ukiwa bado kwenye ndege.