Jibu: Pavillon Rouge 2015, nifungue sasa au nisubiri?

Mkuu, umeuliza kama mvinyo mwekundu uitwao Pavillon Rouge ni Château Margaux yenyewe, na kama ya 2015 inafaa kufunguliwa sasa. Ni ya shamba lilelile la mizabibu, eneo la Médoc, nchini Ufaransa, lakini ni mvinyo wake wa pili; jina hilo lilianza kutumika 1908. Wakati wa kuchanganya, baadhi ya mapipa yasiyofikia kiwango cha mvinyo mkuu huenda huku. Zabibu ni Cabernet Sauvignon kwa wingi, pamoja na Merlot, na hulainika mapema kuliko kaka yake. Ya 2015 ifungue tu.

Wengi huharibu kwenye joto. “Joto la chumba” walilomaanisha Wafaransa ni nyuzi 16 hadi 18, si 29 za sebule yako. Ikiwa moto hivyo, kilevi hupanda puani na harufu ya matunda hupotea. Iweke kwenye friji hadi ifikie nyuzi hizo. Ikipoa kupita kiasi tanini (kile kinachokausha mdomo kwenye mvinyo mwekundu) hukaza na kuacha ukakasi mdomoni. Subiri kidogo kwenye glasi.

Siku moja kabla, simamisha chupa ili mashapo yatulie chini. Zibua bila kuitikisa, mimina polepole kwenye jagi la kioo ukimulika shingo kwa tochi, na uache mara tu uonapo mashapo yakikaribia. Saa moja hewani yatosha. Ikinuka kadibodi iliyolowa, kizibo kimeiharibu, na hewa haitaiponya.

Mbuzi wa kuchoma ataifaa sana, ila pilipili weka mbali: huzidisha ukali wa tanini.