Fundi Asiguse Nyundo: Banda la Nguzo Kugeuzwa la Parachichi

Wiki hii msomaji mmoja wa Mafinga ameandika: kikundi chao kimepata banda lililokuwa la kutia dawa nguzo za umeme, wanataka kulikodi walifanye la kuchambulia na kufungashia parachichi. Bati zima, umeme upo, lori linafika hadi mlangoni. Anauliza, "Tuanze na rangi au na sakafu?"

Dada yangu, anzeni na udongo. Na fundi asiguse nyundo.

Nguzo nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki (ambayo ni sumu), ile inayoacha mti na ukijani. Zinaingizwa kwenye tangi la presha, dawa inasukumwa ndani ya mti, kisha zinatolewa zikiwa bado zinadondosha. Dawa hushikana na mti polepole, na baridi huichelewesha zaidi. Kwa Juni na Julai ya Mafinga usihesabu siku, hesabu wiki. Nguzo zikihamishiwa uwanjani mapema kwa sababu oda inasubiriwa, mvua huiosha dawa hadi kwenye udongo. Ndiyo maana kupima mbele ya tangi peke yake ni kujidanganya. Uwanja wa nyuma, zilikopangwa nguzo, ndiko unakokuta mlinzi kapanda mchicha.

Chora ramani ya eneo lote. Penye tangi, reli za toroli, shimo la kukusanyia dawa na sakafu ya kudondoshea, weka pointi kila mita 5. Uwanjani kila mita 10. Kila pointi chukua udongo wa juu, sentimita 0 hadi 10, kisha wa sentimita 50, na kwenye nyufa na chini ya shimo shuka hadi mita 1. Nusu kilo kwa kila mfuko safi, uandikwe pointi na kina. Mwiko uoshwe kila unapohama. Chukua pia sampuli mbili nje ya uzio, upande wa juu wa mteremko, ili ujue udongo wa kwenu una nini kwa asili yake. Msichanganye udongo wa pointi tano kwenye mfuko mmoja ili kuokoa ada ya maabara. Sehemu chafu itafichwa na nne safi, na pesa mliyookoa mtailipa mara kumi.

Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya. Waulizeni vipimo na bei kabla ya kuchimba. Ombeni aseniki, kromi na shaba, na kromi-sita, aina moja ya kromi, ipimwe peke yake, maana ndiyo yenye sumu kali na ndiyo inayosafiri na maji. Vile vifaa vya mkononi vya eksirei husoma kwa chini ya dakika moja na vinafaa kutafuta madoa, ila havitenganishi kromi-sita na kromi ya kawaida. Kama banda linanuka lami, huenda kriosoti, dawa nyingine ya nguzo, nayo ilitumika. Hiyo ina vipimo vyake.

Majibu yakija, msikimbilie kuchimba kila kitu. Sakafu ya mita 6 kwa 12 ikichimbwa mita 1 kwenda chini ni mita za ujazo 72. Udongo ukishavurugwa unavimba hadi karibu 90, yaani tripu tisa za lori la mita 10. Hiyo ni taka hatarishi, inataka kibali na mahali panapokubali kuipokea. Mpango mzuri unafuata uchafu ulipo: parachichi zikae upande wa ofisi na stoo kavu, malori yaegeshwe juu ya sehemu chafu iliyofunikwa zege la sentimita 15, na mifereji ya bati ipeleke maji mbali na zege hilo. Mkikata zege la zamani, likatwe likiwa limeloa. Fagio kavu ni marufuku; vumbi ndilo linaloingia mdomoni na kwenye kreti.

Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, na chuma huishika aseniki vizuri. Mbolea ya DAP huiachia, kwa kuwa fosfati iliyomo inagombea nafasi ileile kwenye chuma. Kwa hiyo bustani ya maua getini, sahauni. Vipande vya nguzo visichomwe wala kugawiwa kuni: aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hupaa na moshi.

Karatasi sasa. Mwombeni mwenye banda ripoti zake za ukaguzi wa mazingira, mwende NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mkaulize kama mradi wenu unahitaji tathmini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mkataba useme nani analipia usafishaji. Mkisaini kwanza mkauliza baadaye, mmenunua sumu ya mwenzenu, na hakuna wa kumlaumu.

Kama uani kuna kisima, kipimwe mvua zinapoisha, kisha tena Oktoba maji yakiwa chini. Aseniki ikizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa, kisioshe hata kreti. Na asitokee mtu wa kusema mtachemsha: maji yanapungua, aseniki inabaki palepale sufuriani.