Kwa anayeogopa kuingia kwenye MRI, hivi ndo mimi navyokaa mule ndani

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Umesema ulilazwa kwenye kitanda cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kitanda kikaanza kuingia, ukabonyeza ule mpira wa kuita msaada wakakutoa, na sasa dokta wa mgongo anasema bila MRI hawezi kujua kama diski imekandamiza mshipa wa fahamu au la. Na wachangiaji hapo juu wanakwambia ukaze roho, we mwanaume. Mimi nawapinga. Kukaza ndo kunaharibu kila kitu, mana ukikaza unabana pumzi, ukibana pumzi moyo unakimbia, moyo ukikimbia unaona hewa imeisha wakati hewa ipo tele, lile tundu liko wazi mbele na nyuma na kuna feni inapuliza muda wote. Waombe waiongeze, wengi hawajui kama inaongezwa.

Mimi ni dereva wa malori, mgongo ushanipeleka kwenye hiyo mashine, na kichwa pia kishaingia, na sehemu finyu sizipendi, lifti yenyewe napanda shingo upande. Nnachoweza kukwambia ni kwamba utulivu wa mule ndani unaupanga nje, ukishalala kitandani umechelewa.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe nenda au piga simu pale kitengo cha mionzi useme wazi "mimi naogopa sehemu finyu, mara ya kwanza nilishindwa". Usione aibu, wanawapata watu kama sisi kila wiki. Ukisema mapema kuna mambo yanawezekana. Mashine hazilingani, za zamani nyingi tundu lake lina upana wa sentimita 60, nyingi za siku hizi zina 70, kwenye karatasi tofauti ni ndogo ila kama una mabega mapana utaisikia, kwa hiyo uliza wana ipi na kama mji wenu una hospitali nyingine yenye kubwa. Pia dokta anaweza kukuandikia kidonge cha kutuliza, wengi huandikiwa diazepam, unameza muda kidogo kabla. Usijinunulie mwenyewe duka la dawa, na ukimeza hiyo huendeshi gari siku hiyo, nenda na mtu wa kukurudisha.

Halafu hili hakuna aliyelitaja: uliza unaingia kwa kichwa au kwa miguu. Wewe ni mgongo wa chini, kinachotakiwa kukaa katikati ya mashine ni kiuno, kwa hiyo wakikuingiza kwa kuanzia miguu kichwa kinabaki karibu kabisa na mdomo wa tundu. Goti ndo raha zaidi, kichwa kinabaki nje. Shingo na ubongo hapo hamna pa kukwepea, tena wanakufunika uso na kitu kama kizimba, ila mara nyingi kina kioo kidogo cha kukuwezesha kuona nje, omba wakirekebishe kabla hawajatoka chumbani.

Ile fomu ya vyuma jaza kwa ukweli, mana ile sumaku haizimwi, hata mashine ikiwa kimya inavuta. Mwenye betri ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo au kifaa cha usikivu ndani ya sikio aseme. Mafundi wa kuchomelea na wa gurainda nyie semeni kabisa, kachembe ka chuma kanaweza kuwa kamekaa jichoni miaka bila wewe kujua, wanaweza kukupiga eksirei ya macho kwanza. Na hirizi. Ndiyo, hirizi, mana nyingine zina bati ndani, itoe hata kama bibi alisema usiitoe. Kina dada sidiria, pini za hijabu, wigi lenye klipu na nguo zenye nyuzi za kung'aa vyote vinabaki nje. Simu na kadi za benki acha kwa uliyekwenda naye.

Nenda chooni kabla, hata kama hujisikii. Chumba kina baridi, omba shuka au blanketi. Omba na mto chini ya magoti, kwa mgonjwa wa mgongo huo mto ni dawa, mana kinachofanya watu watikisike siyo woga tu, ni kiuno kuuma dakika ya 15. Mikono usiikunje wala kushikanisha viganja, ngozi ikigusana inaweza kupitisha umeme wa mashine na kuunguza, ndo mana wanaweka vitambaa katikati.

Sasa kubwa kuliko yote kwangu ni macho. Fumba kabla kitanda hakijasogea hata inchi moja, weka na kitambaa juu, usifumbue mpaka ukisikia umetolewa. Kinachotisha mule ni kuona dari iko puani. Usipoiona, mwili unajua tu umelala kwenye kitanda kigumu. Na waombe wakuingize wakutoe mara moja ya majaribio kabla hawajaanza, hiyo inashusha presha kweli.

Makelele. Yale ni ya koili, yaani nyaya zilizozungushwa, ambazo umeme unawashwa na kuzimwa kwa kasi ndani ya ile sumaku, zinatetemeka, basi ni kama fundi anagonga bati chumba cha pili. Hakuna kinachoharibika. Yanaweza kupita desibeli 100, kwa hiyo vizibo vya masikio au hedifoni siyo hiari, hakikisha vimekaa vizuri. Kila aina ya mlio ni seti yake ya picha, mara nyingi dakika 2 mpaka 6, halafu kimya, halafu mwingine. Mwambie mtaalamu akutangazie kwenye spika, "hii ya dakika nne", ukijua mwisho wake unavumilia. Kumeza mate na kukohoa subiri kile kimya, kiuno usikisogeze hata hapo.

Mimi kichwani huwa naendesha gari. Natoka Dar, Kibaha, Mlandizi, mizani ya Vigwaza, Chalinze, Morogoro, Mikumi hapo napunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, Ruaha Mbuyuni nanunua vitunguu, Kitonga napanda na gia ndogo taratibuuu kona kwa kona, Iringa, Mafinga baridi, Makambako. Sijawahi kufika Tunduma kabla hawajanitoa. Wengine wanasoma sura au rozari moyoni, sawa tu, bora midomo isicheze kama unapimwa shingo. Pumua kawaida, usivute pumzi kubwa wakati inagonga, picha inatikisika.

Mwili kupata joto kidogo ni kawaida, ni yale mawimbi ya redio, ila sehemu moja ikichoma bonyeza mpira papo hapo. Wakikuchoma ile dawa ya mshipani ya gadolinium utasikia kiubaridi mkononi, waambie kama una shida ya figo au ni mjamzito. Ile ya kusikia joto mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea ni dawa ya CT, mashine nyingine ya picha, watu wanachanganya. CT yenyewe ni pete nyembamba na dakika chache, wala usiihofie hivyo, ila ndo yenye mionzi ya eksirei, MRI haina.

Ukiona dakika 30 ni nyingi, ile picha ya kwanza ya mwili wa binadamu, Julai 1977 huko Marekani, jamaa alikaa karibu masaa 5 kwa picha moja tu ya kifua. Na alikaa yeye kwa sababu daktari mwenyewe aliyeitengeneza mashine hiyo, Damadian, ilimkataa kwa unene 😂

Umeuliza kama wife anaweza kuingia na wewe. Sehemu nyingi wanaruhusu, ila naye anajaza fomu, anavua vyuma na anavaa vizibo. Akae upande wa miguu akushike kidole, mwambie asikutekenye.