Kaa dirishani, upande wa kulia

Mkuu, kwa hofu ya kupanda ndege uliyoieleza, usikimbilie kiti cha katikati kwenye safari yako ya Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro). Chukua cha dirishani upande wa kulia, mbele kidogo ya bawa: hapo ndege haikurushi sana kama mkiani, na bawa halikuzibii. Ya asubuhi ndiyo nzuri, mawingu bado hayajajaa. Mkikaribia kushuka, itafute Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, juu ya mawingu, siyo chini. Mlima una mita 5,895, wengi huangalia chini wakaukosa. Mawenzi, kilele chake kingine, ni kile chenye menomeno. Ukiona bawa linapindapinda usishtuke, limeundwa hivyo. Ikikuzidi, shusha pazia, hakuna atakayekucheka. Kurudi Dar, kaa kushoto.