Muulize Mzee wa Funguo: "Tumeitwa kutoa maoni, rangi zimeshanunuliwa"

Wasomaji wapya huniuliza jina hili nimelipata wapi. Kwa miaka 11 nilikuwa karani katika ofisi inayopangisha nyumba za umma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza ubao wa funguo: misumari 240, kila mmoja na namba yake. Nilipostaafu nikawa mpangaji katika jengo lile lile nililokuwa nikilipelekea notisi. Nimekaa pande zote mbili za meza. Viti vya upande huu ni vigumu zaidi.

Shikamoo Mzee. Tunaishi kwenye jengo la umma lenye ghorofa nane. Mwezi uliopita mwenye nyumba alituita tutoe maoni kuhusu ukarabati mkubwa. Tulipofika tukaonyeshwa rangi tatu za ukuta, tuchague moja. Jirani yangu akauliza kama tutahamishwa wakati wa kazi, na kama tutarudi kwa kodi ile ile. Akajibiwa, "Hilo si la leo." Tukasaini daftari la mahudhurio, tukaondoka. Sasa imetoka barua inayosema wapangaji walishirikishwa kikamilifu na wameuafiki mradi. Sisi tuliafiki rangi ya maziwa tu! Tufanyeje?
*Wa ghorofa ya sita*

Marahaba. Daftari hilo nalijua, nimelibeba mwenyewe kwapani miaka mingi. Safu ya kwanza jina, ya pili namba ya nyumba, ya tatu sahihi. Safu ya maoni haikuwepo, na haikusahauliwa. Siku moja mama mmoja akaandika pembeni ya sahihi yake, kwa herufi kubwa: NIMEHUDHURIA, SIJAKUBALI. Mkuu wangu aliutazama ukurasa ule kwa muda, kisha akaagiza kikao kirudiwe. Sahihi nyingine zaidi ya 60 hazikumnyima usingizi. Maneno mawili ya mama yule yalimnyima. Kikao kijacho fanyeni kama yeye.

Kwa kikao kilichopita bado hamjachelewa. Kaeni wenyewe muandike muhtasari wenu: tarehe, saa, nani aliongoza, swali la jirani yako kama alivyolitamka, na jibu alilopewa. Waliokuwepo wasaini. Nakala moja iende kwa mwenye nyumba, nyingine kwa anayegharamia mradi, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ile ya mfadhili msiidharau. Ofisini kwetu barua za wapangaji zilikaa kwenye trei wiki nzima, lakini mfadhili akipiga simu, watu walisimama.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein, aliyekuwa ameshughulikia mambo haya haya serikalini, alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane (si vya shule). Viwili vya chini, alisema, si ushiriki kabisa: watu wanachezewa, au wanahudumiwa kana kwamba wao ndio wagonjwa. Vitatu vya kati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni, na kutulizwa kwa kiti kimoja au viwili kwenye kamati. Huko ndiko sisi tunakoita kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni vitatu vya juu tu ambavyo mwananchi anagusa uamuzi wenyewe. Nyinyi mlipandishwa cha ngapi? Kwa maelezo yako, sioni kama mguu uliondoka chini.

Kwa hiyo mkirudi msianze na "mbona hamtusikilizi", kwa sababu watawasikiliza kwa saa mbili na kuwashukuru. Ulizeni hivi: ni uamuzi gani ambao bado haujafanywa, nani ataufanya, na lini? Ikiwa kilichobaki ni rangi, mtakuwa mmejua mmeitwa kufanya nini, na hilo nalo liingie kwenye muhtasari.

Wako wapangaji wanaofanya zaidi ya kuchagua rangi. Nchini Denmark, kwenye nyumba za mashirika yasiyotafuta faida, wapangaji ndio walio wengi kwenye bodi, na kila kundi la nyumba lina mkutano wake wa mwaka unaopitisha bajeti. Kila kaya ina kura mbili, iwe na chumba kimoja au vitano. Wakipiga kura madirisha yabadilishwe na kodi ikapanda kwa ajili hiyo, nyongeza ni yao. Upande huu wa jambo wengi wetu hatuupendi. Nimewahi kuona kamati ikidai mamlaka juu ya fedha za matengenezo, ikapewa, kisha wajumbe wakaanza kukwepana kwenye ngazi ilipofika siku ya kuamua bomba la nani litengenezwe kwanza.

Lakini naona hofu yako hasa ni kurudi. Una haki ya kuogopa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, katika kifungu cha 11, unataja makazi ya kutosha kama haki, na mwaka 1997 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilieleza nchi zilizouridhia zifanye nini kabla ya kuwaondoa watu majumbani: washauriwe kwa dhati, wapewe notisi yenye muda wa kutosha, waelezwe mapema eneo au nyumba hizo zitatumiwaje, wasitolewe usiku wala kwenye hali mbaya ya hewa, na wawe na njia ya kwenda kudai haki. Mwulize mwanasheria wa msaada wa kisheria namna sheria za nchi yako zinavyoyabeba hayo. Usiende kikaoni na mkataba wa kimataifa peke yake, watakutabasamia.

Haki ya kurudi iandikwe kabla hamjatoa hata kijiko. Iandikwe ukubwa wa nyumba mtakayorudia, kodi yake, lini, nani atalipia kuhama kwenda na kurudi, na itakuwaje mkandarasi akichelewa. Likamateni neno moja: kipaumbele. "Wapangaji wa zamani watapewa kipaumbele." Sentensi hiyo nimeichapa mwenyewe kwa mashine, na najua ilivyofanya kazi. Mwenye kipaumbele anasimama mbele kwenye foleni, lakini dirisha likifungwa, limefungwa kwake pia. Takeni neno "atarudishwa".

Mzee wangu, ukuta wa chumba cha watoto una ukungu mweusi. Fundi wa ofisi amekuja mara mbili, akapaka rangi juu yake, akasema kosa ni langu kwa kuwa nafunga madirisha nikipika na kuanika nguo ndani. Ukungu umerudi. Mume wangu anataka tuache kulipa kodi hadi watengeneze. Nina wasiwasi.
*Mama Pacha*

Wasiwasi wako una akili, Mama Pacha. Mwambie baba asubiri kidogo. Kwenye sheria nyingi, kaya moja ikiacha kulipa yenyewe inageuka kutoka kuwa mlalamikaji na kuwa mdaiwa, na malimbikizo ya kodi ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kukutoa. Mimi nilikuwa naandaa mafaili hayo. Hakimu aliuliza kwanza, "Unadaiwa?" Habari ya ukuta ilikuja baadaye, kama ilikuja.

Mgomo wa kodi ni jambo jingine, ni la wengi na lina mpango. Mwaka 1915 mjini Glasgow, wanawake, Mary Barbour akiwa mmoja wa viongozi wao, waligomea nyongeza ya kodi. Kufikia Novemba kaya kama 20,000 zilikuwa zimeingia, na kabla mwaka haujaisha bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia kodi zisipande. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini St. Louis, Marekani, waligoma miezi tisa. Mwaka huo huo sheria ikaweka kikomo cha kodi kwenye nyumba za umma kuwa asilimia 25 ya kipato cha kaya. Hakuna aliyewaita kikaoni, walijiita. Nyinyi mko wawili na pacha. Lipeni, mtunze stakabadhi, na mpigane kwa njia nyingine.

Nayo ni hii. Chukua karatasi, chora jengo lenu kama linavyoonekana kwa nje, kila nyumba kisanduku. Gonga milango ya juu yako na chini yako, uulize wenzako kama nao wana ukungu na uko kona gani. Tia alama. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa nne kazini, baada ya kuchoka kuandika "mpangaji ameshauriwa afungue madirisha". Alama zilijipanga wima, kona ile ile, kutoka ghorofa ya tano hadi ya kwanza. Kulikuwa na bomba la maji ya mvua lililopasuka ndani ya ukuta. Familia tano haziwezi kuwa zinachemsha sufuria kwenye kona moja. Ukikuta alama zako zimetawanyika bila mpango, basi kubali kwamba fundi anaweza kuwa na hoja kidogo, ingawa hata hapo dawa yake ni tundu la kupitisha hewa. Kupaka rangi juu ya ukungu si dawa ya lolote.

Piga picha sehemu ile ile kila wiki, na watoto wakikohoa, omba daktari aandike anachokiona. Jambo hili si la kutania. Mjini Rochdale, Uingereza, Desemba 2020, alifariki mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya shirika linalopangisha kwa kodi nafuu, yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Mchunguzi wa vifo aliamua mwaka 2022 kwamba kilichomuua ni maradhi ya kupumua yaliyotokana na ukungu ule. Kutokana na sheria ya 2023, kanuni zenye jina la mtoto huyo zilianza kutumika huko Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Hata kama kwenu hakuna muda uliowekwa na sheria, uweke wewe kwenye barua yako. Andika "naomba jibu ifikapo tarehe fulani". Barua isiyo na tarehe ya mwisho ilikuwa na trei yake ofisini kwetu, na trei ile haikuwahi kujaa kwa sababu kila mwaka tulikuwa tunaimwaga.

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji. Wanaokuja vikaoni ni wale wale watano, wote wastaafu. Vijana wanasema kamati imo mfukoni mwa mwenye nyumba. Nimechoka, Mzee.
*Katibu*

Pole, Katibu. Kwanza niambie mnakutana saa ngapi. Kama ni saa kumi jioni, mmeshachagua wastaafu. Mwenye zamu ya usiku amelala na mwenye watoto yuko jikoni. Achaneni na ukumbi kwa miezi miwili. Kila ngazi itoe mtu mmoja wa kupita mlango kwa mlango na swali moja tu, halafu majibu yabandikwe hapo hapo ngazini, pamoja na barua zote mnazopokea na kutuma. Kuhusu mfuko wa mwenye nyumba, usiwakasirikie vijana kabla hujajikagua. Nani analipia ukumbi? Ajenda inachapwa na nani? Mlichaguliwa lini?

Jina la wapangaji juu ya karatasi halilindi mtu. Jengo la Grenfell Tower jijini London liliendeshwa na shirika lililoitwa la wapangaji, na wakazi walikuwa na viti kwenye bodi yake. Kikundi kingine cha wakazi, nje ya bodi hiyo, kiliandika mara kwa mara kuhusu hatari ya moto, hata Novemba 2016. Moto ulikuja 14 Juni 2017, ukaua watu 72. Hao wanaokupigia kelele ngazini, Katibu, waandikishe. Afadhali wagombane nawe ndani ya muhtasari kuliko nje yake.

Mkataba wa nyumba una jina la marehemu mume wangu. Afisa amekuja na fomu, anasema ni ya kawaida, nisaini na kurudisha funguo ndipo wanipangie upya. Nimeishi hapa miaka 19.
*Mjane*

Pole sana kwa msiba, mama. Usisaini. Fomu hiyo inaweza kuwa ya kuiachia nyumba kwa hiari, na ukishaiachia, unaomba kama mgeni. Sheria za nchi nyingi humruhusu mwenzi aliyekuwa akiishi humo kuurithi upangaji, kwa hiyo andika barua leo ukiomba jina lako liingizwe kwenye mkataba, uambatishe cheti cha kifo na cha ndoa, na chochote chenye anwani hiyo na jina lako. Kodi endelea kulipa. Mwambie karani aandike kwenye stakabadhi "imelipwa na mjane wa mpangaji". Afisa akirudi, mwombe akuachie fomu uisome na mtu wa msaada wa kisheria.

Na funguo zibaki kwako. Nimezitundika nyingi kwenye ule ubao, na sikumbuki hata moja iliyotoka tena kwa yule aliyeileta.