Ugonjwa wa kurithi au wa kurithiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Ujiji, Kigoma. Naandaa maelezo ya kubandika ukutani kwa ajili ya wazazi, kuhusu sindromu ya X tete, ugonjwa unaoweza kuleta ulemavu wa akili, unaotokana na jeni iitwayo FMR1. Niliandika "ugonjwa wa kurithi", mwenzangu akakata: ati ugonjwa haurithi, unarithiwa. Nimeandika pia "mama humwambukiza mwanawe jeni hii". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. "Ugonjwa wa kurithi" ni Kiswahili safi, urudishe. Hapo Ujiji mnanunua migebuka ya kukaanga, na hakuna anayedhani migebuka ndiyo inayokaanga. Katika muundo huu nomino inaweza kuwa mtenda (mbwa wa kulinda), mtendwa (maji ya kunywa), hata mahali (chumba cha kulala). Maana ndiyo huamua. Kwa hiyo "ugonjwa wa kuambukiza" ni ule unaoambukiza, na "wa kurithi" ni ule unaorithiwa, umbo likiwa lilelile. "Wa kurithiwa" nako si kosa, ila hakuna sababu ya kumlazimisha mtu.

Sentensi ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Kuambukiza ni kwa magonjwa ya vijidudu. Mama aliyempakata mwanawe akisoma hivyo, atarudi nyumbani amtengee sahani na kikombe. Sema "humrithisha". Wala usiandike "mtoto amemrithi mama yake", kwani kumrithi mtu ni kushika mali au nafasi yake akishaondoka, na mama huyo yu hai, kakaa hapo kwenye benchi. "Amerithi kutoka kwa mama yake" yatosha.

Hata "jeni hii" inapotosha, maana FMR1 tunayo sote. Jeni hiyo hubeba maelekezo ya kutengeneza protini ya FMRP, ambayo ndani ya seli za neva hushikamana na RNA (nakala za maelekezo ya jeni) na kudhibiti utengenezaji wa protini nyingine kwenye maungio ya seli hizo. Kinachorithiwa ni badiliko. Herufi CGG za msimbo wa kijenetiki ndani ya jeni hiyo kwa kawaida hujirudia chini ya mara 45. Zikizidi 200, jeni huzimika, FMRP hukosekana, na mtoto huweza kupata ulemavu wa akili, hasa wa kiume, kwa kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, naye anayo moja tu. Mama mwenye marudio kati ya 55 na 200 kwa kawaida hana ulemavu huo, ingawa baadhi huwahi kukoma hedhi, lakini marudio yanaweza kuongezeka yanapotoka kwake kwenda kwa mtoto.

Mimi ningebandika hivi: "Huu ni ugonjwa wa kurithi. Mama anaweza kumrithisha mtoto badiliko katika jeni ya FMR1 bila mwenyewe kuwa na dalili. Hauambukizi kwa kula, kulala wala kucheza pamoja."