Usiogope kuinama

Pole sana dada. Unasema mgongo unakuuma mwaka wa pili sasa, picha haikuonyesha tatizo kubwa, lakini huthubutu kuinama hata kufua. Unavaa mkanda wa mgongo kutwa, na unauliza kama uendelee kujilinda hivyo.

Mimi nasema hapana. Hebu jiangalie unapookota kijiko sakafuni: unabana pumzi, unakaza tumbo, unashika meza, unashuka kwa magoti mgongo ukiwa wima kama mlingoti. Misuli iliyokazwa hivyo huchoka na kuuma yenyewe, nawe unasema, "Si nilijua!" Mwaka 2000 watafiti Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza vizuri mzunguko huu: hofu huleta kukwepa, kukwepa hudhoofisha mwili, na maumivu yanazidi kutawala.

Anza kidogo. Kaa kitini, inama taratibu kuelekea vidole vya miguu huku ukitoa pumzi. Ukizoea, fua nguo mbili tatu beseni likiwa juu ya stuli, siku nyingine lishushe chini. Mgongo ukiuma kidogo kisha ukatulia, haina maana umejijeruhi. Mtaalamu wa fiziotherapia akikusimamia, bora zaidi, maana wengine huanza kwa pupa wakalala siku nzima. Mkanda nao upunguze polepole.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au mguu ukalegea, achana na mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.